Kitabu cha picha kinaweza kumfanya mtoto apende pori?

Muulize mtoto wa miaka sita huko Goma, Butembo, Bunia ama Uvira akutajie nyama za pori. Mara nyingi ataanza na simba, kisha twiga, kisha zebra. Gorila, anayeishi katika milima ya inchi yake, atakuja mwishoni ama hatatajwa kabisa. Okapi vile vile, na huyu haishi porini katika inchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo.

Si kosa la mtoto. Mtoto anataja kile alichoonyeshwa. Vitabu vya kwanza anavyovipata, kama anavipata, vimechorwa mbali na kwao. Na pori la kwao analijua kwa mambo mawili tu: gunia la makala linaloshuka sokoni, na onyo la wakubwa: “Usiende kule, kuko watu wa bunduki.” Kati ya makala na woga, mapenzi yatatoka wapi?

Swali hili si la mchezo. Mtoto wa miaka sita leo ndiye baada ya miaka ishirini atakuwa mlinzi wa parki, mkata miti, chifu wa kijiji, mwalimu ama mbunge. Parki ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, Kahuzi-Biega mwaka 1970, Hifadhi ya Okapi kule Ituri mwaka 1992. Zote tatu ziko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini: Virunga tangu 1994, zile mbili nyingine tangu 1997. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kufa kazini Virunga. Bunduki za walinzi peke yake hazitoshi kulinda kitu ambacho majirani zake hawakipendi.

Je, kitabu cha kurasa ishirini, chenye picha nyingi na maneno machache, kinaweza kusaidia? Jibu ni ndiyo, lakini si kitabu chochote, na si kitabu peke yake.

Kitabu kilichoifanya Kongo ijulikane, na kifaru aliyepasuliwa

Buku la picha linalojulikana zaidi duniani kuhusu inchi hii ni “Tintin au Congo”. Hergé alilichora Brussels mwaka 1930 na 1931, bila kukanyaga hata siku moja udongo wa Kongo. Toleo la rangi lilitoka mwaka 1946. Vizazi vingi vya watoto wa Ulaya walilijua pori la Kongo kwa kitabu hicho, na watoto wengi wa Kongo nao walilisoma, kwa kuwa halikuwako jingine.

Watu wamesema mengi juu ya namna kitabu hicho kinavyowachora Waafrika. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja alikishitaki Brussels, na mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: namna kinavyochora nyama. Tintin anaua kundi zima la swala akidhani risasi zake zinakosa. Anaua nyani na kuvaa ngozi yake. Anachukua pembe za tembo. Mwishoni anatoboa tundu mgongoni mwa kifaru, anatia baruti, na kifaru anapasuka vipande vipande. Yote hayo ili mtoto acheke. Mwaka 1975, wachapishaji wa inchi za Skandinavia walipoomba, Hergé alibadilisha ukurasa ule wa kifaru: sasa kifaru anakimbia akiwa mzima.

Kwenye karatasi, kifaru anaweza kurudishiwa uhai kwa kalamu. Porini haiwezekani. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa akiishi parki ya Garamba, katika jimbo la Haut-Uélé. Katika miaka ya 2000 alimalizika kule kwa sababu ya majangili. Dume la mwisho la aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwezi wa tatu mwaka 2018. Majike wawili tu ndio wamebaki, Najin na Fatu, nao wanalindwa na watu wenye silaha usiku na mchana.

Hakuna anayeweza kusema kitabu ndicho kilichoua vifaru. Waliowaua walikuwa wanatafuta pembe. Lakini kitabu kinafundisha jambo moja bila kulisema: nyama ni kitu cha kuchezea, ama ni kiumbe chenye maisha yake. Mtoto analimeza hilo kabla hajajua kusoma.

Msichana, kitabu, na ng'ambo ya ziwa

Mfano wa upande wa pili uko karibu sana na watu wa Kalemie, Fizi na Uvira. Jane Goodall alizaliwa London mwaka 1934. Wazazi wake hawakuwa matajiri, na vitabu vingi alivisomea maktabani ama alivinunua vikuukuu. Alipenda hadithi za Doctor Dolittle, daktari anayeongea na nyama, na za Tarzan. Alikuwa pia na mwanasesere wa sokwe mutu aliyeitwa Jubilee. Akiwa bado mtoto alisema atakwenda Afrika kuishi na nyama na kuandika vitabu juu yao. Watu walicheka. Mama yake hakucheka.

Mwezi wa saba mwaka 1960 alifika Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma. Siku zile Kigoma ilikuwa imejaa Wabelgiji waliovuka ziwa wakikimbia machafuko ya Kongo baada ya uhuru, na yeye na mama yake walisaidia kuwatengenezea mikate kabla ya kuendelea na safari. Kule Gombe ndiko aliona sokwe mutu wakitumia vijiti kuvua mchwa ndani ya kichuguu, jambo lililobadilisha mawazo ya wataalamu wa dunia nzima. Mwaka 2011 mchoraji Patrick McDonnell alitoa kitabu cha picha juu ya utoto wake, “Me... Jane”. Jane Goodall alikufa mwezi wa kumi mwaka 2025, akiwa na miaka 91.

Hapa kuna funzo lenye pande mbili. Upande mmoja: kitabu cha utotoni kiliwasha moto ambao haukuzimika kwa miaka themanini. Upande wa pili: vitabu vile vile vya Dolittle na Tarzan viliwachora Waafrika kwa dharau, hata maneno mengine ya Dolittle yalifutwa katika matoleo ya baadaye. Mtoto wa Uingereza aliweza kulipenda pori la Afrika kwa kupitia kitabu kile. Mtoto wa Afrika angelipendaje kwa kitabu kinachomtukana?

Ndiyo maana haitoshi kuleta masanduku ya vitabu kutoka ng'ambo na kusema kazi imekwisha.

Watafiti wanasema nini

Kuna mambo kadhaa ambayo uchunguzi umeonyesha, na mzazi ama mwalimu anaweza kuyatumia.

Kwanza, mtoto ana nguvu kubwa ya kushika majina ya viumbe. Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio rahisi: waliwaonyesha watoto wa shule kadi zenye picha za Pokémon, viumbe vya mchezo ambavyo havipo duniani, na kadi za mimea na nyama za inchi yao. Watoto wa miaka minane waliwajua karibu asilimia 80 ya Pokémon, lakini viumbe vya kwao hawakufikisha nusu. Kwa hiyo kichwa cha mtoto hakina shida. Shida ni picha gani anapewa.

Pili, picha za pori zinapungua vitabuni. Mwaka 2012 wachunguzi wa Marekani walihesabu picha karibu 8,100 katika vitabu 296 vya watoto vilivyopata sifa ya tuzo kubwa ya huko tangu 1938 hadi 2008. Waliona kwamba kadiri miaka ilivyokwenda, nyumba na vyumba vilichukua nafasi ya miti, mito na nyama.

Tatu, namna ya kuandika ina maana. Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wadogo wanaosomewa vitabu ambamo nyama zinaongea na kufikiri kama watu, wanashika mambo machache ya kweli juu ya nyama hizo, na wanadhani nyama ina mawazo ya kibinadamu. Waliosomewa maneno ya kweli, kwamba nyama hii inakula hiki na kulala pale, walijifunza zaidi.

Je, hiyo inamaanisha Sungura na Fisi watupwe? Hapana. Hadithi za usiku, zile bibi anazozianza watoto wakishakaa kando ya moto, zina kazi yake: zinafundisha juu ya watu, ujanja wao, uroho wao. Sungura anayemdanganya Fisi ni funzo juu ya jirani, si juu ya sungura. Mtoto anahitaji aina zote mbili. Kinachofaa ni mzazi kujua leo anasoma aina gani.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi: kitabu kinafanya kazi pale mtu mkubwa anapoongea na mtoto juu yake. Tangu mwaka 1988, mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi wakifundishwa kuuliza maswali wakati wa kusoma, badala ya kusoma mfululizo tu, lugha ya mtoto inasonga mbele haraka, hata ndani ya mwezi mmoja. Swali halihitaji kuwa la kitaalamu. “Hii ni nyama gani? Inakulaka nini? Mama yake eko wapi?” Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali hayo kwa kutazama picha peke yake.

Vitabu vinavyotuhusu kweli

Vipo, ingawa ni vichache, na vingi ni vya Kiingereza.

“Looking for Miza” kilitoka mwaka 2008, na mmoja wa waandishi wake ni Paula Kahumbu wa Kenya. Ni hadithi ya kweli, yenye fotografia, kutoka Virunga: gorila mdogo Miza anapotelewa na mama yake, na baba yake Kabirizi, dume mwenye mgongo wa fedha, anakwenda kumtafuta porini mpaka anarudi naye. Ni hadithi ya hapa hapa, ya walinzi wa hapa hapa. Mwaka 2007, mwaka ambao Miza alipotelewa na mama yake, gorila kadhaa waliuawa kwa risasi Virunga, kati yao Senkwekwe. Mtoto wa kike aliyeokotwa mwaka huo, Ndakasi, alilelewa na walinzi Rumangabo mpaka alipokufa mwaka 2021 mikononi mwa aliyemlea.

Juu ya Wangari Maathai wa Kenya kuna vitabu vya picha vingi, kati yao “Wangari's Trees of Peace” cha mwaka 2008 na “Mama Miti” cha mwaka 2010. Wengi wanajua kwamba alianzisha chama cha kupanda miti mwaka 1977 na kwamba alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 2005 marais wa inchi za bonde la Kongo walimchagua kuwa balozi wa pori hili letu. Mwenyewe alieleza kwamba yote yalianza utotoni: mama yake alimkataza kuokota kuni za mti mmoja wa mkuyu kwa kuwa ni mti wa Mungu, na karibu na mti ule kulikuwa na kijito alimocheza na mayai ya vyura. Alipokua, mti ulikatwa na kijito kikakauka. Hakuhitaji kuelezwa uhusiano wa mti na maji. Alikuwa ameuona.

Neno moja la tahadhari. Vitabu vingi vya pori la Afrika vinachora pori bila watu, kama kwamba hapana mtu aliyewahi kuishi humo. Kwa mtoto wa Kivu huo ni uongo. Wambuti wanaishi Ituri. Batwa waliishi Kahuzi-Biega kabla ya kufukuzwa parki ilipoanzishwa, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kitabu kizuri kinamwonyesha mtoto gorila, na pia kinamwonyesha bibi anayejua jina la kila jani na kazi yake. Pasipo hivyo, mtoto atakua akidhani parki ni ya wageni, na kitu cha wageni hakilindwi na moyo.

Je, mapenzi yanapika maharagi?

Wazazi wengi watauliza swali hilo, na wana haki. Mama anayepika kwa makala hafanyi hivyo kwa sababu anachukia miti. Hana moto mwingine. Familia iliyokimbia vita na kulala chini ya shitingi haiwezi kuambiwa ipende gorila kwanza. Kitabu hakishushi bei ya makala, hakileti umeme, hakiondoi bunduki porini. Anayesema vitabu vitaokoa Virunga anadanganya.

Lakini kuna kitu ambacho kitabu kinaweza, na umeme hauwezi. Kinaweza kumpa mtoto picha nyingine ya pori kando ya ile ya woga. Mtoto aliyeishi kwa kukimbia anajua pori kama mahali pa kujificha ama pa kufa. Akifungua ukurasa na kuona kinyonga akigeuza jicho moja mbele na jingine nyuma, anacheka. Kicheko kile ni mwanzo.

Na kitabu cha kweli hakifichi upande mkali. Watoto wa Goma wanaijua Nyiragongo: wazazi wao walikimbia lava ya mwezi wa kwanza 2002, na wao wenyewe ama dada zao walikimbia ile ya mwezi wa tano 2021. Kuwaambia mlima ni mzuri tu ni kuwadharau. Mtoto anaweza kufundishwa yote mawili: mlima unaua, na udongo wake mweusi ndio unaootesha viazi na maharagi tunayokula.

Kuanza leo, na kidogo kilichoko

Vitabu vya ng'ambo ni ghali, na vingi havifiki. Kuna njia tatu ambazo familia ama masomo yanaweza kujaribu.

Ya kwanza ni simu. African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika ya Kusini mwaka 2014, inatoa vitabu vya picha bila malipo, na vingi viko kwa Kiswahili. Sheria yake inaruhusu kuvichapisha, kuvitafsiri na hata kutunga vyako. Mwalimu mmoja anaweza kuvishusha siku moja mahali penye mtandao, kisha akatoa fotokopi za darasa zima. Kiswahili chake mara nyingi ni cha Kenya ama Tanzania, kwa hiyo mzazi asiogope kugeuza maneno. Kitabu kitasema “mnyama” pale ambapo mtoto wetu anasema “nyama”, neno ambalo kwetu ni la porini na la sufuria pia. Kusimama hapo na kueleza tofauti ni somo zuri kabisa: nyama fulani si lazima ifike sufuriani.

Ya pili ni kutengeneza kitabu nyumbani. Karatasi nne zikikunjwa katikati na kushonwa kwa sindano na uzi zinatoa kurasa 16. Mtoto anachora, mkubwa anaandika sentensi moja chini ya kila picha. Mambo ya kuchora hayako mbali. Nyange anayefuata ng'ombe. Nyuki juu ya ua la boga. Kasuku, ambaye biashara yake ya kimataifa ilikatazwa mwaka 2016 kwa sababu anatoweka. Ama sambaza wa ziwa Kivu, ambaye asili yake si Kivu: alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutiwa humu, na leo anakula naye bugali mtoto yule yule anayemchora. Hadithi ya samaki aliyehamishwa na kuzoea maji mapya, watoto waliohama makwao wataielewa bila maelezo mengi.

Ya tatu ni kufunga kitabu na kutoka nje. Ukurasa wa mti ukiisha, mtoto aende kutafuta mti. “Jani lake liko namna gani? Nani anaishi juu yake? Ukikatwa, ndege ataenda wapi?” Kitabu kisichompeleka mtoto hata uani kimefanya nusu ya kazi.

Na anayenunua ama kuchagua kitabu ajiulize maswali machache. Nyama za kwetu zimo? Watu wa kwetu wamo, na wamechorwa kwa heshima? Kinachosemwa juu ya kiumbe ni kweli? Mtoto atabaki na swali la kuuliza kitabu kikiisha?

Usiku mmoja mtoto akiuliza, “Mama, hii okapi tunaweza kuionaka wapi?”, jibu lipo, na si la inchi ya mbali: “Eko kwetu, mwanangu. Eko Ituri. Ukikua utaenda kuiona.” Kazi ya wakubwa ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, okapi bado yuko.